Meli za mbao za fundi wa Kirumba: bodi safi, mizinga ndiyo tatizo

Nauza nyavu, kamba na maboya Kirumba, Mwanza, kwa hiyo kitu chenye tanga hakinipiti hivi hivi. Shemeji yangu ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo wa vita vya meli mezani: mnatandika kitambaa cha bluu, mnapanga meli, mnapima mwendo kwa rula, na mizinga ikipigwa mnarusha dadu. Seti za kutoka Ulaya ukijumlisha na gharama za kusafirisha unaghairi mwenyewe. Tukampelekea picha fundi mmoja wa mitumbwi karibu na soko la samaki la Mwaloni, ambaye huchonga vidogo akikosa kazi kubwa. Tuliagiza vita vya Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada, Septemba 10, 1813: meli 9 za Wamarekani chini ya Oliver Hazard Perry, na 6 za Waingereza chini ya Robert Barclay. Shilingi 180,000 kwa zote 15, nusu unatanguliza.

Alichelewa. Hilo lijulikane mapema, akipata mtumbwi wa kutengeneza yenu inawekwa pembeni.

Ila bodi! Kachonga kwa vipande vya mvule vinavyobaki kwenye mbao za mitumbwi, sentimita moja kwa mita tatu za meli halisi, hivyo Lawrence na Niagara, meli kubwa mbili za Perry, zina kama sentimita 11. Chini zimekatwa bapa zikae mezani, lakini kuanzia hapo kwenda juu ubavu umejaa vizuri, na shetri, yaani nyuma ya meli, imenyanyuka kidogo inavyotakiwa. Milingoti ni vijiti vya mishikaki alivyovipunguza kwa wembe. Matanga ni amerikani iliyopigwa wanga mpaka ikatuna. Nilimuuliza kwa nini foromali, ile miti ya kutundikia matanga, zimekaa mshazari wakati kwenye picha zimekaa mkingamo. Akaniambia, "Mama, ukiziweka hivyo chombo kinakimbia na upepo. Si umesema hawa wanapigana?" Nikanyamaza, nikalipa iliyobaki.

Merikebu ndogo mbili za Perry, Somers na Tigress, zimekuja na matanga ya pembetatu kama ya mitumbwi ya kwetu. Shemeji alinuna. Mimi nimeziacha hivyo hivyo, na mkija kucheza kwangu mtazikuta.

Kamba ndipo nilipokasirika, maana hiyo ndiyo biashara yangu. Katumia uzi wa nailoni wa nyavu za dagaa, halafu kafunga fundo moja tu na kuweka tone la gundi. Nailoni inateleza. Nusu ya kamba za Queen Charlotte, meli ya Waingereza, zilifunguka kabla hatujafika kituo cha daladala. Nilizifunga upya mwenyewe kwa uzi wa pamba, na hiyo ndiyo mngemwambia atumie.

Sasa mizinga. Yote kachonga kwa njiti za kiberiti, urefu mmoja, unene mmoja. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, kumbe vita vyenyewe viliamuliwa hapo. Lawrence ilikuwa na mizinga 20, na kati ya hiyo 18 ilikuwa mifupi minene, inarusha tufe la ratili 32, karibu kilo 14 na nusu, lakini haifiki mbali. Detroit ya Barclay ilibeba mingi mirefu. Kwa hiyo Perry akiwa mbali anapigwa tu, lazima asogee, na wakati anasogea upepo ulikuwa mdogo. Alisogea. Lawrence ikapondwa kwa zaidi ya saa mbili huku Niagara ikibaki nyuma, mpaka Perry akapanda mashua, akapigiwa makasia hadi Niagara ambayo ilikuwa karibu nzima, akaipeleka katikati ya safu ya Waingereza. Detroit na Queen Charlotte zilikuwa zimegongana na kunasana kamba. Kama saa tisa alasiri Waingereza wakasalimu amri, na zote sita zikatekwa.

Ukicheza upande wa Waingereza akili yako yote ni moja: kaa mbali. Wa Marekani naye: sogea, hata kwa hasara. Ila kwa njiti hizi zinazofanana unabaki kuchungulia karatasi kila zamu kujua meli ipi ina nini, na mchezo unapoa. Tuliishia kupaka rangi ya kucha, nyekundu kwa mifupi, nyeusi kwa mirefu. Lawrence na Niagara pia zinafanana kabisa, jambo ambalo ni sahihi kihistoria lakini mezani linaleta ugomvi. Niagara tumeipa utepe wa njano.

Dasturi, ile milingoti inayochomoza mbele ya meli, nazo ni nyembamba mno. Zinavunjika mkigonganisha meli, na kwenye vita hivi mtazigonganisha.

Kuhusu upepo hamna haja ya kueleza sana watu wa huku. Siku ile upepo ulianza kusini magharibi ukageukia kusini mashariki, ukawa upande wa Perry. Sisi tunarusha dadu kuona kama utageuka na lini. Wateja wangu wa dagaa, wanaotoka jioni na kurudi asubuhi wakihesabu upepo wa ziwani na wa nchi kavu, walielewa papo hapo kanuni ya kubisha, yaani kwenda zigizaga kuufuata upepo unakotoka. Mwalimu wa hesabu jirani yetu mpaka leo anataka kwenda moja kwa moja upepo unakotoka.

Kwa bei ile ningenunua tena, na nimeshaagiza. Safari hii ni Ziwa Champlain, Septemba 11, 1814, ambapo Thomas Macdonough wa Marekani aliigeuza meli yake Saratoga ikiwa imetia nanga, kwa kuvuta kamba za nanga, ili ubavu ambao haujaumia ndio upige. Nimemwambia fundi atoboe tundu shetrini uzi upite, mizinga aikate urefu tofauti, na uzi nampa mimi kutoka dukani.