Wakili wa Moshi aliyekataa kutuahidi faini

Mdogo wangu alishtakiwa katika Mahakama ya Wilaya kwa shambulio la kawaida, baada ya kugombania nafasi ya kupanga bidhaa katika soko la Mbuyuni na kumpiga mwenzake makofi mawili. Ofisi ya kwanza ya mawakili tuliyoingia ilitutuliza kwa maneno mepesi kwamba akikiri atatozwa faini tu. Ofisi ninayoiandikia tathmini hii, iliyo karibu na stendi kuu, ilikataa kusema hivyo hata nilipombana wakili, na huko kukataa ndiko kulikonifanya nimwamini.

Mama yule, wakili wa ofisi hii ya pili, alitufungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, akatuonyesha kwamba ukomo wa kosa hilo ni kifungo cha mwaka 1, ilhali shambulio la kusababisha madhara mwilini hufika miaka 5. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote alitaka kuiona hati ya mashtaka na PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Alieleza kwamba ndani ya ukomo huo hakimu anaweza kumwachia mkosaji kwa masharti, kumtoza faini, kumwamuru alipe fidia, kumpa huduma kwa jamii chini ya usimamizi wa afisa probesheni, au kumfunga kweli. Kosa la kwanza, kukiri mapema, siku alizokaa mahabusu na watoto wanaomtegemea humsaidia. Jeraha kubwa au kutumia silaha humwangusha.

Alipotumia muda mrefu zaidi, na nashukuru sana, ni kwenye kukiri kwenyewe. Alimweleza kijana kwamba akishatiwa hatiani kwa kukiri, kwa kawaida rufaa yake itabaki juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake, na kwamba mtu anayesema "ni kweli nilimpiga, lakini nilikuwa najitetea" hajakiri kosa, hivyo hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Akamuuliza mara tatu, sisi ndugu tukiwa tumetolewa nje, kama kweli alipiga bila kujitetea. Kijana alisema ndiyo. Kabla ya hapo wakili alikuwa amejaribu usuluhishi, ambao sheria inauruhusu kwa kosa la aina hii, lakini mlalamikaji hakutaka, na hiyo ilikuwa haki yake.

Siku ya shauri, baada ya mwendesha mashtaka kusoma maelezo ya kosa na mdogo wangu kuyakubali, wakili aliomba apunguziwe adhabu kwa maneno machache yasiyomdharau aliyepigwa. Hakimu alimwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 6, akaamuru alipe fidia ya matibabu. Mama yetu alilia pale pale kwenye benchi.

Malalamiko yangu ni mawili. Ada ilitajwa kuwa ya shauri zima, kisha yakaongezwa malipo ya siku ya kufika mahakamani ambayo hatukuyajua, na risiti niliipata baada ya kuidai. Pia shauri lilipoahirishwa hakuna aliyetupigia simu, tukafika bure kutoka Kibosho. Nilimweleza wakili mambo hayo ana kwa ana, akaomba radhi na kunirudishia nauli ya siku ile. Lile ongezeko la ada bado hatujaafikiana.