Darubini ya kioo cha milimita 130: tathmini baada ya miezi minane Tanga

Kabla ya darubini hii nilikuwa na nyingine, iliyouzwa kwa sifa ya kukuza mara 525 na kusimamishwa juu ya miguu mitatu yenye mhimili wa kulenga Nyota ya Kaskazini. Kijitabu chake kiliniagiza nianze kwa kuitafuta nyota hiyo, ambayo sisi wa kusini mwa ikweta haituchomozei kabisa. Na nilipojaribu kuulaza mhimili hadi nyuzi 5, ndiyo latitudo ya Tanga, uzani wake ukagonga mguu wa stendi. Jina la kampuni nalihifadhi, ila funzo lake ndilo lililoongoza ununuzi wa pili.

Hii ya sasa haina mhimili wa namna hiyo. Ni bomba fupi lenye kioo kikuu cha kipenyo cha milimita 130, lililopachikwa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka, kwa muundo ambao John Dobson aliueneza huko Marekani. Unaisukuma kwa mkono, kushoto na kulia, juu na chini, basi. Anayeishi karibu na ikweta hahitaji kingine, na ningemshauri asikubali kuuziwa kingine.

Ndani ya sanduku mna lenzi mbili za kutazamia, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10, ambazo hukuza mara 26 na mara 65. Tarakimu hizo ni ndogo mno kuvutia mteja dukani, lakini kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru, kukuza ni baadaye, na kioo hiki hukusanya nuru zaidi ya mara 300 kuliko mboni ya jicho iliyotanuka gizani. Ile ya mara 525 ilikuwa ikikuza ukungu.

Usiku wa kwanza nililenga sayari ya Mshtarii kutoka uani, taa za mtaa zikiwaka, nikaona vijinukta vinne vimejipanga kwenye mstari mmoja, miezi ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Saa mbili baadaye kimoja kilikuwa kimesogea waziwazi. Zohali ilinitia wasiwasi, kwa kuwa mwaka 2025 pete zake ziliielekea Dunia kwa ukingo, jambo linalotokea takriban kila miaka 15, zikaonekana kama uzi mwembamba. Aliyenunua darubini mwaka huo asidhani ameuziwa mbovu. Rijili Kantori (Alfa Centauri), inayoonekana kwa macho kuwa nyota moja, kwa lenzi ya milimita 10 hugawanyika kuwa mbili za rangi ya dhahabu, na hata Kilimia, ambacho wazee wetu walikitumia kukisia mvua na kiangazi, huingia karibu chote katika lenzi ya milimita 25, nyota kadhaa zikizidi zile sita au saba tulizozoea kuzihesabu.

Galaksi ni habari nyingine. Tulipoipeleka darubini Lushoto, kwenye giza la kweli, Andromeda ilionekana kama doa la kijivu lisilo na rangi wala mikono ya kuzunguka, na mwenzangu alipochungulia akauliza kama lenzi imefutwa. Nuru ile imesafiri miaka milioni 2.5 kutufikia, lakini anayetarajia picha iliyochapishwa kwenye sanduku atavunjika moyo, nami naona picha hiyo si ya haki.

Kasoro zipo. Kitako ni kifupi, chahitaji kitu kizito cha kukiinua. Stuli ya plastiki hutikisika kwa kila mguso, hivyo nimeishia kukiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, nacho hakitetereki. Kielekezi chenye nukta nyekundu humaliza betri ukisahau kukizima, na baada ya safari ya barabara ya milimani vioo hupoteza mlingano, kazi ya robo saa kwa bisibisi ndogo.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu wa pwani. Kila nikirudi ndani huiacha wazi chumbani hadi umande ukauke wenyewe, ndipo huifunika. Usiku mmoja niliifunika ikiwa bado mbichi, na ukingoni mwa kioo kikuu kuna madoa matatu meupe hadi leo.