Pl@ntNet kwa bustani ya nyumbani: jina inalipata, ukiipa picha nzuri

Pl@ntNet ni programu ya bure ya simu inayotambua mimea kwa picha. Ilitoka mwaka 2013, kazi ya taasisi za utafiti za Ufaransa zikiwamo CIRAD, Inria na IRD. Kwa mwenye bustani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, tunaipa alama za juu kwa kutaja jina la mmea. Matunzo utayatafuta kwingine.

Makosa mengi huanzia kwenye picha. Watu hupiga kichaka kizima kutoka mbali, pamoja na ukuta na ndoo. Sogea karibu, jani moja lijaze kioo, na nyuma yake weka karatasi au kiganja. Halafu ongeza ua, kisha tunda au gome. Programu hupokea picha kadhaa za mmea uleule, nawe unaionyesha kila moja ni ya sehemu gani. Ua lina ushahidi mkubwa kuliko jani, kwa hiyo kama mmea unakaribia kuchanua, subiri. Piga asubuhi au kivulini, maana jua la saa saba mchana hufuta mishipa ya jani. Na kwenye programu chagua orodha ya mimea ya dunia nzima, si ya ukanda wako peke yake: maua mengi ya nyumbani kwetu asili yake ni mbali, kama bogenivilia iliyotoka Amerika Kusini.

Usitosheke na jina la kwanza inalokupa; soma asilimia ya uhakika iliyo kando ya kila jina. Jina la kwanza likiwa na 80 na la pili 5, linganisha na picha zilizowekwa hapo uhakikishe. Yakiwa 25 na 20, bado hujapata jibu. Kwa bogenivilia mgawanyo wa namna hiyo usikutie wasiwasi, kwa kuwa nyingi za kwenye vitalu ni chotara na matunzo ni yaleyale: jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, udongo usiotuamisha maji, kumwagilia udongo ukishakauka juu, na kupogoa mara maua yanapokwisha, kwani huchanua kwenye machipukizi mapya. Samadi nyingi na maji ya kila siku huleta majani tele bila maua.

Pa kuwa macho ni mwarobaini na mmelia (Melia azedarach), hasa miche isiyo na maua. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja, vijani vyake vimepangwa pande mbili na kupinda kama mundu. La mmelia, kikonyo hutoa vitawi, na vijani hukaa kwenye vitawi hivyo. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni sumu kwa binadamu. Mtu asichemshe majani ya mti alioutambua kwa simu tu, hata asilimia ziwe 90.

Tena simu hainusi. Mchaichai una ndugu zake wanaofanana nao sana kwa picha. Sugua jani, unuse.

Ukishapata jina la kisayansi, liandike kwenye kibao cha chungu pamoja na tarehe ya kupanda. Majina ya mitaani hubadilika kutoka kitalu hadi kitalu, lakini kwa hilo la kisayansi bwana shamba atajua mnazungumzia mmea gani.