Peni ya kufutika ilivyomeza notsi zangu za baiokemia

Kama unaandika notsi za kudurusia mtihani, usiziandike kwa peni ya wino unaofutika kwa kusuguliwa. Naanza na hilo kwa sababu wengi husoma mistari miwili ya juu kisha wanakwenda kununua, na sitaki mwanafunzi mwingine apatwe na yaliyonipata muhula uliopita. Nazungumzia zile peni za jeli zenye kidude cha mpira mgumu kwenye kitako. Unaandika, unakosea, unaigeuza peni, unasugua, maandishi yanatoweka bila vumbi la raba na bila karatasi kuchanika. Kampuni siitaji. Unene wa ncha na rangi zilizopo utavikuta popote, sitapoteza muda navyo.

Niliipenda peni hii, na ndiyo maana imeniuma hivi. Mhadhiri wetu wa baiokemia huchora mizunguko ubaoni kwa kasi, kisha hurudi nyuma kugeuza mshale au kuchomeka kimeng'enya alichokiruka. Kwa peni ya kawaida ukurasa wangu ulikuwa unaisha umejaa mikato na mishale iliyopindishwa, na jioni nikiufungua nashindwa kujua nilichobakiza ni kipi na nilichokifuta ni kipi. Peni hii ilinipa kurasa safi. Ukurasa naugawa kwa mtindo aliowafundisha wanafunzi wake Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell miaka ya 1950: safu pana kulia kwa ajili ya notsi zenyewe, safu nyembamba kushoto kwa ajili ya maswali, na ukanda chini wa kuandika muhtasari. Upande wa kulia nilijaza darasani kwa peni ya kufutika. Upande wa kushoto nilijaza jioni, nikishasoma nilichoandika na kujiuliza mtihani unaweza kukiuliza vipi, na hapo nilitumia peni ya kawaida ya bluu kwa sababu ndiyo inayokaa mezani kwangu siku zote. Kumbuka tofauti hiyo ya peni, tutaihitaji.

Mitihani ilipokaribia nilizichomoa kurasa nilizokuwa nazitegemea kuliko zote: glaikolisisi (jinsi seli inavyovunja glukosi), mzunguko wa Krebs (hatua za kemikali zinazofuata za kutoa nishati), mzunguko wa yurea (jinsi mwili unavyogeuza amonia kuwa yurea). Nilitaka kuzilaminisha, yaani zifungwe ndani ya plastiki kwa mashine, niweze kutembea nazo bila kuogopa maji wala jasho la mikono. Kaka wa mashine akapitisha ya kwanza, akapitisha ya pili, mimi nikiwa nimeinamia simu. Nilipoinua macho nikaona plastiki mbili zinang'aa, na ndani yake karatasi nyeupe.

"Kaka, umeniwekea karatasi gani hizi?"

"Dada, ni zile zile ulizonipa. Tazama kushoto, si mwandiko wako huo?"

Ulikuwa mwandiko wangu. Maswali yote yalikuwepo kushoto, ya bluu, yamekaa vizuri. Majibu yote ya kulia yalikuwa yamekwenda. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa tayari imebanwa ndani ya plastiki, hata kuyaandika upya pale pale isingewezekana. Yule kaka alishtuka kuliko mimi, akaizima mashine, akaanza kuomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake. Ukurasa wa yurea ulinusurika kwa sababu tu ulikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Sasa, jinsi wino huu unavyofanya kazi. Haung'olewi na ule mpira, kama nilivyodhani na kama wengi wanavyodhani. Ndani ya wino kuna vifuko vidogo sana, na kila kifuko kina vitu vitatu: rangi, kemikali inayoifanya rangi ionekane, na kemikali ya tatu inayosimamia joto. Ukisugua, msuguano unaleta joto. Joto likifika kama nyuzi 60 za Selsiasi, ile ya tatu inayeyuka, zile mbili za kwanza zinaachana, rangi inakuwa haionekani. Wino wenyewe unabaki palepale kwenye karatasi. Kwa hiyo chochote chenye joto la kiasi hicho kinafuta, si ule mpira peke yake. Mashine ya kulaminisha hupita nyuzi 100. Printa ya leza nayo huikaanga karatasi ili unga wa wino ushike, kwa hiyo ukichapisha kitu nyuma ya ukurasa wa notsi, mbele panafutika. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inatosha kabisa.

Hayo yote ni kemia nzuri, na aliyeibuni nampa heshima yake. Ninachokigombea ni pakiti. Mbele kuna picha ya mwanafunzi anatabasamu mbele ya daftari lililojaa. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa kuikuza picha kwenye simu, wameandika kwamba peni isitumike kwa saini, hati za kisheria na karatasi za majibu ya mtihani, na kwamba joto linaweza kuondoa maandishi. Kwa hiyo wanajua. Wanajua kwamba wino huu hauaminiki kwenye karatasi ya kujibia mtihani, lakini wanauuza kwa ajili ya daftari la kuusomea huo mtihani!

Nikapiga simu kwenye namba yao ya huduma kwa wateja. Hapa ndipo hasira yangu ilipohamia, na hadi leo haijatoka.

Nilieleza taratibu kabisa. Sikudai fedha. Nilitaka kujua kama kuna njia ya kuyarudisha maandishi, na kama wanaweza kulihamishia onyo lile mbele ya pakiti. Dada wa upande wa pili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Peni imefanya kazi iliyotengenezewa, mteja. Wino wake unafutika kwa joto." Nikamwambia hilo nimeshalielewa, naomba msaada. Akaniuliza kama nilisoma nyuma ya pakiti. Nikamwambia nimeisoma, na ndiyo sababu nyingine ya kupiga. Hapo akashusha pumzi, nikaisikia kwenye simu, akasema, "Lakini hizo ni notsi tu. Si uazime za mwenzako unakili?"

Notsi tu.

Mtu anayefanya kazi kwenye kampuni inayouza peni kwa wanafunzi ananiambia notsi ni notsi tu! Mwenzangu ananiazima, ndiyo, na Mungu ambariki. Lakini notsi zake zimefuata kichwa chake. Pale alipoelewa haraka ameandika neno moja, na mimi pale nilihitaji mistari mitano. Pale nilipoelewa mimi, yeye amechora kisanduku na mishale ambayo sijui inaanzia wapi. Darasani unapoandika kwa mkono huwezi kufuata kila neno la mhadhiri, kwa hiyo unalazimika kuchagua, kufupisha, kusema kwa maneno yako, na kazi ya kuelewa inaanzia hapo hapo. Wanasaikolojia Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti mwaka 2014 uliolinganisha uandishi wa mkono na wa kompyuta, wakaona wanaochapa hunukuu zaidi maneno ya mhadhiri kama yalivyotoka mdomoni. Tangu hapo watu wamebishana sana kuhusu nani anafaulu zaidi, na mimi sibishani nao. Najua tu kwamba ukurasa nilioupoteza ulikuwa na fikra zangu za saa nzima ya mhadhara, pamoja na jioni ya kuzipanga, na hakuna mwenzangu anayeweza kuniazima kitu hicho.

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sina desturi ya kulifanya.

Rafiki yangu anayesoma kemia ndiye aliyenisaidia, tena kwa swali moja: "Umeziweka kwenye friza?" Kumbe wino huu hurudi kwa baridi kali. Unaanza kuonekana karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri na hukamilika karibu na 20 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani kwa kawaida huwa kwenye 18 hivi chini ya sifuri. Nikaziweka usiku, na plastiki zake. Asubuhi nilifungua mlango nikaona maandishi yangu! Hafifu, ya kijivu badala ya meusi, lakini yapo. Nilipiga kelele nyumba nzima wakaamka. Wakati ule, kama ungeniuliza, ningeipa peni hii nyota zote na ningemsamehe hata yule dada wa simu.

Furaha hiyo iliisha nilipokaa kusoma. Baridi haichagui. Imerudisha kila kitu ambacho wino ule uliwahi kuandika kwenye karatasi, pamoja na makosa niliyoyafuta darasani. Kwenye mzunguko wa Krebs, kemikali moja hugeuka nyingine kwa zamu: saksinati hugeuka fumarati, fumarati hugeuka malati, malati hugeuka oksaloasetati. Mhadhiri aliponena haraka nilitanguliza malati, nikafuta, nikaandika fumarati palepale. Sasa nina fumarati na malati zimelaliana kwenye nafasi moja, zote kijivu, zote hafifu sawasawa. Kwenye hatua ya saksinati kwenda fumarati inatoka FADH₂ (molekuli inayobeba elektroni), nami kwanza nilikuwa nimeandika NADH, molekuli nyingine ya kazi hiyo. Zimebebana hizo mbili hadi huoni herufi. Mishale iliyogeuzwa ina vichwa pande zote mbili.

Ukurasa mtupu haukudanganyi, unajua tu kwamba huna kitu. Ukurasa huu ulinionyesha kosa na sahihi kwa mwandiko uleule, wakati mtihani uko mlangoni. Angalau kile nilichokikata kwa mstari kwa peni ya kawaida kinaniambia hadi mwisho wa dunia kwamba nilikikata. Ile mikato niliyokuwa naionea aibu ilikuwa na kazi yake: inaonyesha nilipotelea wapi, na mara nyingi hapo ndipo mtihani unapotega.

Nikaziacha zile kurasa za kijivu. Nilichobaki nacho cha kuaminika kilikuwa safu ya kushoto, maswali ya bluu. Nikachukua karatasi mpya na peni ya kawaida, nikaanza kuyajibu kwa kichwa, swali baada ya swali, kisha nasahihisha kwa kitabu cha kiada. Mara ya kwanza nilikwama kila mahali, nikalia kidogo, nikaendelea. Mara zilizofuata majibu yakaanza kuja yenyewe. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejipima kwa kukumbuka hubaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko anayesoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano tu msomaji wa kurudia ndiye anayeonekana kuwa mbele. Nilikuwa nikilisikia hilo kwa walimu na kulipuuza, kwa sababu kusoma tena ukurasa uliopangwa vizuri kunatuliza roho. Safari hii sikuwa na ukurasa wa kunituliza. Swali la Krebs lilikuja kwenye mtihani, na nililichora lote na mishale yake bila kusita.

Kwa hiyo wenzangu wananiambia peni imenisaidia. Nimelifikiria kwa haki kabisa, na kuna siku nilikaribia kukubali, kwa sababu kweli sijawahi kuujua mzunguko wowote kama ninavyoujua ule. Lakini kilichonisaidia ni safu ya maswali, na safu ile iliandikwa kwa peni nyingine, ya bei ndogo, isiyofutika, isiyo na picha ya mtu anayetabasamu. Peni ya kufutika haipati sifa hata kidogo kwa kilichobaki baada ya yenyewe kukimbia.

Ina kazi zake, nisiwe mkali kupita kiasi. Kwa ratiba ya wiki inayobadilika kila mara ni nzuri kuliko penseli. Kwa kuchora umbo gumu darasani huku mhadhiri anarekebisha, nzuri pia, mradi jioni hiyohiyo ulihamishe kwa wino wa kudumu. Ukishaizoea hivyo utaifurahia, na mimi bado ninayo moja kwenye pochi kwa ajili ya ratiba. Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota tatu kati ya tano kwa sababu hiyo.

Ila nimeandika lile neno la simu, "notsi tu", na limenirudisha palepale. Nimewatumia barua pia kuhusu onyo la nyuma ya pakiti, na hadi sasa kimya. Naweka nyota moja. Siku wakiliandika onyo lile mbele, juu ya picha ya yule mwanafunzi, kwa herufi zinazosomeka bila kukuza, nitarudi hapa kuongeza mbili.