Uzoefu wangu: pawa saplai ya "wati 600" iliyonizimia harusi ya watu, na niliyonunua baada yake

Nahariri video za harusi hapa Tanga. Mwaka jana nilijikusanya nikanunua kadi ya picha (inayosaidia kuchakata video) ya GeForce RTX 3060 ya GB 12, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu yenye prosesa ya Ryzen 5 5600, nikajiona nimemaliza. Kazi ndogondogo zilikwenda vizuri. Siku niliyoanza kurenda, yaani kuitoa video kamili baada ya kuihariri, harusi moja ya Makorora, saa tatu za picha, ikafika asilimia kumi na kitu, pap! Giza. Si onyo, si skrini ya bluu. Nikadhani Luku imeisha, kumbe feni ya chumbani inazunguka.

Nikawasha, ikazima tena palepale. Kwenye kumbukumbu za Windows nikakuta Kernel-Power namba 41, ambayo haikwambii lolote zaidi ya kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Nikafuta draiva nikaweka upya, nikabadilisha pasta ya kupoozea prosesa, siku mbili zikapita huku mama wa bibi harusi anapiga simu. Pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme wa ukutani kwa kompyuta nzima, sikuiwaza kabisa. Boksi lake lilikuwa na 600 kubwa kama namba ya daladala, na kwa kadi hii Nvidia, waliobuni chipu yake, wanapendekeza wati 550.

Nikaibeba hadi kwa fundi wangu Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Hata hakuiwasha. Alifungua ubavu, akachomoa pawa saplai, akaipima kwa kiganja kama mtu anayechagua papai, akacheka.

"Shekhe, hapa umeuziwa boksi."

Akanisomesha stika ya ubavuni, ambayo sijawahi kuitazama. Kwenye mstari wa volti 12 paliandikwa ampea 22. Zidisha: wati 264. Zilizobaki walizijazia kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za siku hizi hazizitegemei sana. Kadi na prosesa zote zinakula kwenye 12. Sasa hesabu yangu ilikuwa hivi: kadi 170, prosesa inaweza kufika 76, mazabodi (ile bodi kuu) na diski na feni tuseme 50. Hiyo ni karibu 300 kwenye chombo cha 264. Tena hizo 170 ni wastani tu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kadi huruka juu ya hapo, na pawa saplai dhaifu ikishtuka inajizima. Yangu ilikuwa inajiokoa, maskini.

Lililonitisha zaidi ni adapta. Kadi yangu inataka waya wa pini 8, na ile pawa saplai ilikuwa na pini 6 pekee, kwa hiyo muuzaji alinipa kiunganishi cha kukusanya waya mbili za diski kuwa pini 8. Plastiki yake ilishaanza kubadilika rangi. Tundu la mazabodi linatoa wati 75, pini 6 nyingine 75, pini 8 zinatoa 150. Kadi ikitaka 8, ukiipa adapta umeidanganya kadi, waya hujaudanganya.

Nyuma yake palikuwa na swichi nyekundu ya 115 na 230. Fundi alisema ukiiona hiyo, ujue ni muundo wa zamani. Na ole wako mtoto aisogeze kwenye 115 kwa umeme wetu huu.

Nikaagiza Corsair CX650 kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi kesho yake. Laki mbili na ushee, wakati ile ya kwanza ilikuwa elfu thelathini na tano. Iliniuma. Stika yake inasema ampea 54 kwenye volti 12, yaani wati 648, karibu yote iliyoandikwa kwenye boksi. Haina swichi ya nyuma, inapokea volti 100 hadi 240 yenyewe. Ya 550 ingenitosha, lakini nikihamia RTX 3070 siku moja, Nvidia wanataka 650, na sitaki kununua mara mbili.

Harusi ya Makorora ikarenda mpaka mwisho usiku uleule. Tangu hapo haijazima hata mara moja, labda umeme ukatike mtaa mzima.

Mke wangu alihofia wati 650 zitamaliza Luku. Hapana, mashine inavuta inachohitaji tu. Ina alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, kwa hiyo ikibeba nusu ya mzigo inafikisha kama asilimia 85 ya umeme inaochukua ukutani. Kwa wati 300 za kurenda, ukutani inatoka kama 350, yaani robo tatu ya saa haijamaliza hata theluthi ya uniti. Ninachokilalamikia ni nyaya zake: hazichomoki, na zisizotumika nimezisokomeza chini ya diski kama matambara.

Jirani yangu aliposikia akataka na yeye pawa saplai hiyohiyo kwa Dell OptiPlex 9020 yake ya mtumba. Tulipoifungua tukakuta mazabodi yake inapokea pini 8 za Dell wenyewe, si zile 24 za kawaida, na pawa saplai yake ni ya wati 290. Kwa kuwa yangu haiingii humo, tumemtafutia kadi ya GTX 1650 isiyo na tundu la waya, ile inayojilisha kwenye wati 75 za mazabodi.