Walinibadilishia kabureta, ugonjwa ulikuwa kwenye platini

Jina la gereji silitaji. Ipo Morogoro, inatosha. Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike, hazikupoa.

Gari ni Corolla DX ya marehemu baba, ile KE70. Lilianza kupiga misi, moto unarukaruka, silensa halishiki, yaani likisimama linataka kuzima, kwenye mwinuko linakata pumzi. Nikalipeleka. Fundi akafungua boneti, akanusa, akasema, "Dada, kabureta hii imekwisha." Plagi hakugusa. Kifuniko cha distribyuta, kile kigawa moto wa plagi, hakukifungua hata kwa bahati mbaya. Nikauliza, na taimingi je, ule wakati wa plagi kupiga moto? Akawatazama wenzake wakacheka: "Dada, wewe kazi yako kuendesha."

Laki na ishirini ikanitoka, ikafungwa kabureta ya mtumba. Yangu ikabaki kwao, eti chuma chakavu. Pale uwanjani gari lilinguruma vizuri, nakiri. Kumbe wamelifungulia mafuta tu! Moshi mweusi wa aibu, na petroli inanukia hadi kwenye kitenge changu.

Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, ndiyo ikaniumbua. Nusu ya mlima, gia ya kwanza, eksozi inapasuka kama fataki, mshale wa joto umepanda, nyuma malori yananipigia honi. Nikaegesha, nikaweka mawe kwenye matairi, nikakaa chini.

Fuso ya vitunguu ikasimama, akashuka mzee mmoja. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Nani kakwambia ni kabureta?" Alikuwa hajaambiwa kitu, ameona tu ilivyong'aa kuliko injini nzima.

Akatoa plagi: masizi matupu. Akafungua distribyuta, akaniita nione. Platini, vile vidude viwili vya kuunga na kukata umeme wa koili, zimeungua, upande mmoja kipele, upande wa pili kishimo. Kisigino kinachozisukuma zifunguke kimelika, nafasi kati yao haipo. "Zikichelewa kufunguka, moto nao unachelewa. Utapandaje mlima?" Akazipiga msasa, akapima nafasi kwa kipande cha boksi la sigara. Halafu akachukua balbu ndogo, waya mmoja kwenye koili upande wa platini, mwingine kwenye bodi, swichi ikawashwa. Akazungusha injini hadi alama ya puli ikakaa mahali pake, akalegeza distribyuta, akaizungusha kidogo kidogo kama anayetafuta stesheni ya redio. Balbu ikawaka. Akakaza. Mwisho akapunguza mafuta kwenye ile kabureta "mpya".

Nusu saa haikufika. Nilipanda Kitonga nikiimba. Akaniagiza nibadilishe kondensa, kidude kinachozuia cheche kwenye platini, la sivyo platini zitaungua tena. Nilibadilisha Iringa, bei yake hata chakula cha mchana haifiki.

Kwa haki, nisiwaonee wale wa Morogoro: kabureta yangu ilikuwa inavuja kweli, petroli niliiona mwenyewe ikichuruzika. Kwa hiyo nyota mbili. Ila ngoja. Kuvuja kule ni sindano ya boya tu, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, kitu cha kubadilisha na kuendelea na safari, si cha kuuziwa kabureta nzima. Na kile kicheko chao! Nyota moja, na hiyo ni kwa kijana aliyeniletea kiti.

Kabureta ya baba bado iko kwao. Jumamosi naifuata, na wasiniambie wameshaiuza.