SSD ya Laptopu: Kasi Iliyoandikwa Kwenye Boksi Ina Mwisho Wake

Lalamiko ni lilelile kila mara. Wiki ya kwanza baada ya kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), laptopu inawaka kabla chai haijapoa. Mwezi wa tatu, diski ikishajaa zaidi ya nusu, ukinakili folda ya video mashine yote inaganda, hata kishale hakisogei. Fundi anasema ni virusi, anapiga Windows upya, anachukua hela yake. Mara nyingi si virusi. Ni SSD yenyewe, na kasoro hiyo ilitoka nayo dukani.

Kwa hiyo hapa sipangi SSD kwa ile namba ya MB 550 kwa sekunde. Karibu zote za SATA (njia ya kawaida ya kuunganisha diski na laptopu) zinaitangaza, maana SATA III, toleo lake la sasa, haipitishi zaidi ya hapo. Ninachoangalia ni kasi inayobaki sehemu yake ya mbio, yaani akiba, ikijaa.

Chembe za SSD huandikwa biti 3 kila moja (hizo ni TLC) au biti 4 (QLC), na kuandika hivyo ni kazi ya polepole. Ili ionekane ina mbio, diski hutumia sehemu yake kuandika biti 1 tu kwa kila chembe, harakaharaka, kisha huipanga upya data hiyo mashine ikitulia. Sehemu hiyo ndiyo akiba. Ikijaa katikati ya kunakili, unabaki na kasi halisi. Samsung wenyewe wameandika kwenye maelezo ya 870 QVO ya TB 1: akiba ni GB 42, na ikiisha, kasi ya kuandika ni MB 80 kwa sekunde. Diski ya zamani ya mizunguko 5400 kwa dakika hufika karibu MB 100. Yaani umelipa pesa ukarudi nyuma. Na kadiri diski inavyojaa, ndivyo akiba inavyopungua, ndiyo maana balaa haionekani siku ya kwanza.

Jambo la pili linaenda na hilo: DRAM. SSD ina ramani ya kuonyesha kila kipande cha data kiko wapi. Zilizotengenezwa vizuri zina kumbukumbu yao ya kushikia ramani hiyo, ndiyo DRAM. Za bei ya chini hazina. SSD za NVMe (njia yenye kasi kuliko SATA) zisizo na DRAM angalau zinaweza kuazima kipande cha RAM ya kompyuta. Za SATA haziwezi. Ukiwa na ThinkPad T440 au X240 iliyoingia kama mtumba kutoka Ulaya, yenye nafasi ya SATA ya inchi 2.5, DRAM si anasa.

Ya kwanza: Samsung 870 EVO, GB 500. Ninaipendelea na sifichi. Ni TLC, ina DRAM ya MB 512, waranti ni miaka 5 au TB 300 za kuandikwa, lipi litangulie. Ukinakili GB 100 mfululizo haikuangushi. Angalia tu herufi moja: EVO, si QVO. Maboksi yanafanana, na kuna wauzaji wanaofurahi sana usipotofautisha.

Faida nyingine ya ile 500 haitajwi popote. Laptopu nyingi za mtumba zinakuja na diski ya GB 500. Ukinunua SSD ya GB 480 halafu ujaribu kunakili diski nzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, inakataa, kwa sababu diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani hata kama umetumia GB 90 tu. Itabidi kwanza upunguze sehemu ya C kwa Disk Management ya Windows, kisha kwenye Clonezilla uchague hali ya wataalamu na uiambie isikague ukubwa wa diski. Kwa 500 kwa 500 hakuna hadithi hiyo.

Ya pili: Kingston KC600, GB 512. TLC, DRAM ipo, miaka 5, TB 300. Ukiikuta kwa bei nafuu kuliko Samsung, chukua bila kinyongo.

Ya tatu: Crucial MX500, GB 500. DRAM ipo, miaka 5, ila TB 180 tu.

Kingston A400 na Crucial BX500? Hazina DRAM, waranti miaka 3. Zinafaa kwa mashine ya kuandikia barua na kuangalia barua pepe. Basi.

Kama laptopu yako ina soketi ya M.2, ile ya SSD za umbo la kadi nyembamba, soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kutoa hela. Kadi yenye pengo mbili kwenye meno huwa ni SATA mara nyingi. Yenye pengo moja upande wa M huwa NVMe. Kuingia kwenye soketi si dalili ya kufanya kazi: kadi ya SATA inaweza kukaa vizuri kabisa kwenye soketi ya NVMe na BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) isiione. Urefu nao ni muhimu. 2280 ni milimita 80, haiwezi kuingia kwenye nafasi ya 2242, ya milimita 42. Kwa NVMe chagua Samsung 970 EVO Plus, yenye DRAM, au Samsung 980. Kingston NV2 naiweka pembeni: jina ni moja, lakini ndani unaweza kupata TLC au QLC, na boksi halikuambii.

Sasa wauzaji. Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue, uliza kama SSD ina DRAM, utajibiwa "zote ni SSD tu, boss". Hiyo tungeweza kuvumilia. Kinachokera ni diski iliyochomolewa kwenye kompyuta nyingine, ikafutwa, ikafungwa nailoni upya na kuuzwa bei ya mpya. Nailoni si ushahidi wa chochote. Nenda na laptopu yako, adapta ya USB ya SATA, na CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski. Soma mstari wa Power On Hours, saa ambazo diski imewashwa: mpya huonyesha 0 au saa chache. Ikionyesha 9,000, hiyo imefanya kazi zaidi ya mwaka mzima bila kupumzika. Muuzaji akikataa usipime kabla ya kulipa, umeshapata jibu. Na waranti ya "wiki moja" iliyoandikwa kwa kalamu kwenye risiti ni dharau, wakati kiwanda kimetoa miaka 5.

Kwenye kuifunga SSD ndani ya laptopu, haya ndiyo yanayoharibika. BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, ikiwa imewashwa, izime na usubiri ifungue diski yote kabla ya kunakili. Toa betri, kama ni ya ndani, izime kupitia BIOS. SSD ina unene wa milimita 7. Nafasi ya 9.5 inahitaji fremu ya kuziba pengo, la sivyo itacheza hadi ilegee kwenye meno. Waya bapa wa diski uvute kwa kichwa chake, usiuvute kwa utepe. Ukishanakili, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, Windows isichanganye mbili zinazofanana. Na usiifute hadi wiki mbili zipite.